Bredauni ya Mama Yako

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Bwana Mkubwa,

Salamu nyingi za upendo zikufikie huko uliko, wewe na mkwe wangu na wajukuu. Natumaini kifua cha yule mdogo kimepona na baridi ya huko imeanza kulegea. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto bado linanisumbua kwenye ngazi, lakini halijanizuia kukanyaga klachi, na hilo ndilo la muhimu.

Mama yako anaendelea vizuri. Najua hutasoma zaidi mpaka nimelisema hilo, basi nimelisema. Anakula, anagombana na taarifa ya habari, na jana alinifundisha upya namna ya kukunja shuka, utadhani hatukulala kitanda kimoja utoto wetu wote tukizikunja pamoja.

Sasa tuje kwenye maneno yako. Uliposema kwenye simu kwamba gari likituacha njiani tena utakuja kumchukua mama yako akaishi kwenu, sikukujibu. Si kwamba nilikosa la kusema. Wewe ukipandisha mori, mwanangu, hakuna anayepata nafasi ya kuchomeka neno, na jina la Bwana Mkubwa hukupewa bure ukiwa bado unatambaa. Nilitaka nitengeneze mambo kwanza, ndipo niseme. Nimetengeneza.

Nianze na siku ile yenyewe, kwa kuwa uliisikia nusu. Mpira wa rejeta ulipasuka karibu na kiwanda cha unga, mvuke ukajaa mbele yetu, nikaegesha pembeni. Mama yako alikuwa anawahi mashine ya kusafisha damu, na pale hospitalini ukichelewa, kitanda chako anapewa mwingine, maana wagonjwa wa figo ni wengi na mashine ni chache. Sikubabaika. Nilitoa ile kadi ya msaada wa barabarani uliyotukatia, nikapiga. Binti aliyepokea akauliza mwenye kadi yuko wapi. Nikamwambia yuko ng'ambo. Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba huduma ile inamfuata mtu, haifuati gari. Ukiharibikiwa wewe, hata ukiwa kwenye gari la jirani, watakuja. Sisi hawatujui.

Usijilaumu. Ulilipa kwa moyo mweupe, na mtoto yeyote aliye mbali angeandika jina lake pale bila kufikiri mara mbili. Lakini ndiyo sababu tulikaa barabarani mpaka kitanda kikaenda, na mama yako akavimba miguu, akawa analala ameketi kwa sababu pumzi haimtoshi. Niliogopa, sitakuficha. Nilimshika mkono, nikaapa moyoni kwamba halitatokea tena maadamu dereva ni mimi.

Wewe ulipendekeza ile kampuni kubwa yenye matangazo kila ukuta, ukatuma na hela. Nilisoma masharti yao yote. Wanakulipia hoteli ukikwama nchi ya jirani, wanakupa gari la kukodi, wanakufungulia mlango ukipoteza funguo. Mimi na mama yako tunatoka nyumbani kwenda hospitali, sokoni na kwa fundi cherehani, hoteli ya nini? Halafu chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, wamesema hawapokei gari lenye umri kama wa hili letu. Tungelipa kama matajiri, kisha siku ya siku tuambiwe gari ni zee.

Wapo pia wale wa bei ya kutupa, wanaouza kadi kwenye vituo vya mafuta. Hao wanakuvuta hadi gereji ya karibu tu, kila kilomita inayozidi unalipa, na gari likigoma kuwaka uani kwako, wanasema uani si barabarani, hawahusiki. Gari letu asubuhi za baridi hugomea uani kuliko mahali pengine popote. Niliwashukuru nikaondoka.

Kazi yangu unaijua. Mpaka nastaafu nilikaa kwenye chumba cha simu cha hospitali, vidude masikioni, nikipokea watu wenye shida na kuwaunganisha na wa kuwasaidia. Mtu wa kazi hiyo haangalii karatasi ya matangazo, anasikiliza sauti. Kwa hiyo nilizipigia kampuni zilizobaki saa ya chakula, na Jumapili mchana, na siku mvua inamwagika, saa ambazo uvivu wa mtu haufichiki. Sikuwadanganya kwamba nimekwama. Nilisema wazi kwamba natafuta wa kumlipa, nikauliza: nikiwa na mgonjwa garini na gari likazima, mtafanya nini?

Mmoja alikuwa na sauti ya asali. Aliniita mama yangu kipenzi, akanisifia na jina. Mama yako, aliyekuwa anasikiliza kwenye spika, alikwisha kumpenda. Nilipomuuliza kama wanabeba gari peke yake au na watu waliomo, asali ikaanza kupiga chenga. Nikauliza tena, akanisomea ofa ya msimu. Nikamuaga.

Mwingine alizungumza kama mtu anayetafuna kitu, na nadhani kweli alikuwa anatafuna. Hakunisifia chochote. Aliuliza mgonjwa anaumwa nini, anakwenda wapi, siku zipi. Nilipomweleza akasema, "Basi gari litasubiri. Tunampeleka mgonjwa kwanza, gari tunalirudia." Nilimuuliza na mengine yote, akajibu bila kumung'unya maneno, isipokuwa hicho alichokuwa anatafuna. Huduma yao inafuata gari, aendeshe yeyote. Wanakuja hata uani. Umri wa gari si neno, ilimradi limepita ukaguzi wa mwaka. Bei yao si ya kutupa wala ya kuumiza. Nikamtaka aniandikie yote hayo, hasa lile la mgonjwa kwanza, kwa sababu maneno ya simu huwezi kuyashika shati siku wakiingia mitini. Akaandika, akagonga muhuri.

Mama yako alinuna kwa ajili ya yule wa asali. Tukakubaliana tulipe mwezi mmoja wa kuwajaribu.

Jaribio lilikuja lenyewe. Alhamisi iliyopita gari lilizima kwenye mzunguko wa barabara, pale penye ghala la mbao. Naam, limetuacha tena, na nakwambia mwenyewe kabla hujalisikia kwa jirani. Nilipiga simu, nikamsikia yule yule anayetafuna. Aliuliza kama tuko salama, mgonjwa anajisikiaje, kitanda ni saa ngapi. Mama yako alikuwa hajamaliza kunisema kwamba naliosha gari badala ya kulipeleka kwa fundi, nikaona bredauni yao ya kuvuta magari inakata kona. Akashuka fundi mnene, mcheshi, mdomo wake hauna likizo. Tulimwita Redio papo hapo, naye hakukasirika.

Kiti cha bredauni kiko juu, na miguu ya mama yako unaijua. Redio alishusha kreti tupu la soda, akaligeuza, akamshika mkono akampandisha taratibu kama bibi harusi. Akaliweka gari letu pembeni, akalifunga, akasimamisha pembetatu nyuma yake, tukaondoka. Mama yako alikaa dirishani, mkoba mapajani, akiyaangalia magari ya watu chini yetu, na naapa alikuwa anafurahia. Tulisimama mlangoni pa kitengo cha figo kabla zamu yake haijafika. Manesi wakatoka kuona ni nani huyo kaletwa na bredauni, naye akawapungia.

Tatizo lilikuwa pampu ya mafuta. Redio alilirudia gari kama tulivyoandikiana, akalipeleka kwa fundi wetu wa siku zote, si kwa rafiki yake, na hapo ndipo nilipomwamini kabisa. Hela uliyotuma imetosha pampu mpya na mpira mwingine wa rejeta, ambao nimeuweka kwenye buti uwe wa akiba.

Sasa lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia. Mwezi wa kuwajaribu uliisha jana. Ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo ni nafuu sana kuliko mwezi kwa mwezi, hata mtoto analiona hilo. Nikamwambia mama yako kwamba nalipa mwaka. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso. Akasema, "Lipa mwezi mwezi, mdogo wangu. Mwaka ni mrefu. Usije ukapoteza hela za mtoto bure."

Nilimwelewa, na wewe pia umemwelewa. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikalia kidogo. Kisha nikanawa uso, nikawapigia, nikalipa mwaka mzima. Waliponiuliza abiria wa kudumu wa gari hilo ni nani, nikawatajia jina la mama yako, la kwake, la baba na la babu.

Nilipompa habari aliendelea na viazi vyake. Baada ya kula akaniuliza huo mkataba unaisha lini. Nikamwambia Juni mwakani. Akafikiri, akasema basi tukienda kulipia tena hiyo Juni tuwaombe watubadilishie fundi, kwa sababu huyu Redio anaongea mno.

Mwanangu, tangu augue sijamsikia akipanga jambo la mwakani. Kwa hiyo tikiti yake usikate. Kata ya kwako. Njoo ukae naye, umpeleke hospitali wewe mwenyewe, umsikilize akikufundisha kukunja shuka. Siku ya kuondoka, ondoka na begi lako tu. Dada yangu anabaki hapa na mimi.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie kile kitambaa cha maua nimekipata na rangi ndiyo ile aliyoitaka. Wajukuu uwabusu wote, na yule mdogo umbusu mara mbili. Mwalimu, jirani yetu wa ukuta mmoja, anakusalimu sana, na fundi wetu anauliza lini utakuja umwonyeshe gari lako la huko. Mungu awalinde mkitoka na mkiingia, awape afya na riziki ya halali, na aziweke hai roho zetu tuonane uso kwa uso.

Ni mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,
Mama Mdogo.