Majina Mawili kwenye Ombi la Bi Dorcas

Gloucester, 14 Aprili 1833

Kaka yangu mpendwa Jabez,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini baridi ya London haijakuumiza kifua. Huku hatujambo. Mama analalamikia magoti na bado anamgombeza paka, kwa hiyo ujue ni mzima.

Bila shaka umesikia kwamba Amos Fennimore, yule mshona matandiko ya farasi wa mtaani kwetu, alihukumiwa kunyongwa pamoja na Silas Treen, mtunza farasi, kwa kulala pamoja kama mtu na mkewe. Obadiah Crumpler, mwenye nyumba aliyopanga Silas, aliwachungulia kwenye tundu la ufunguo akawashtaki. Nilidhani Bi Dorcas, mke wa Amos, atajifungia ndani kwa aibu. Kumbe simjui! Alivaa kofia yake ya kanisani, akaandika ombi la huruma kwa Mfalme, akaanza kupita mlango kwa mlango kutafuta sahihi.

Watu walikuwa tayari kumwombea Amos peke yake, mradi iandikwe kwamba Silas ndiye aliyempotosha. Hata wakili alimwambia ndivyo ifanywavyo: mmoja hutupiwa lawama, mwenzake hupona. Bi Dorcas akakataa katakata. Alisema Silas amekula mezani pake, na hatamnunulia mumewe uhai kwa shingo ya mtu asiye na mama wala mke wa kumlilia. Clegg mwokaji akamkejeli kwamba mume kamwacha kwa ajili ya mtunza farasi, na yeye huyohuyo anamwombea mtunza farasi! Akajibiwa, "Clegg, nimekuja kutaka sahihi, sikuja kutaka ushauri wa ndoa." Duka zima likaangua kicheko, naye akatia sahihi kwa vidole vyenye unga.

Kisha akaenda kwa Crumpler mwenyewe, maana ombi lisilo na mkono wa mshtaki halina uzito. Hakumwita mwongo. Alimwuliza tu kama alitaka wafe. Crumpler akalia, akasema alitaka Silas ahame tu, halafu akachora msalaba wake, kwa kuwa hajui kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika wino, na sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mwanamke yule.

Jibu lilikuja jana. Hawanyongwi tena, si Amos si Silas; watapelekwa makoloni ya mbali maisha yao yote. Bi Dorcas alilia, kisha akaanza kuwafumia soksi. Anasema hajamsamehe Amos, na pengine hatamsamehe, lakini hilo ni la kwake na Amos, si la mnyongaji.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Nilipotia sahihi yangu nilikuwa nakufikiria wewe. Najua, Jabez. Nimejua tangu uliponiandikia jinsi Lemuel anavyounguza mkate kila asubuhi nawe unaula wote bila kunung'unika. Mtu haandiki hivyo juu ya mpangaji mwenzake. Mama hajui, wala sitamwambia. Naogopa sana kwa ajili yenu. Wekeni vitanda viwili chumbani, na msimwamini mwenye nyumba hata akiwa mchaji Mungu. Yakiwafika, usiseme huna mtu. Nitavaa kofia yangu nami nizunguke mji mzima.

Choma barua hii ukishaisoma. Mama anakusalimu. Nisalimie Lemuel, tena mwambie nimemsalimu kwa jina.

Ni mimi, dada yenu,
Keziah