Ufa ya Chumba ya Batoto

Bijou, mujukulu wangu,

Jambo sana kule Kinshasa. Siye bote huku tuko bazima, na kambo wako mwanamuke anasema ukule vizuri. Unaniuliza kazi ya kuangalia manyumba ya zamani nilijifunza wapi. Nilijifunza kwa kosa, sawa kila kitu yangu!

Wakati muji yetu ilikuwa ingali inaitwa Élisabethville nilidanganya kapita moja, musimamizi wa kazi ya kutengeneza manyumba, Baba Ramazani, nikamwambia niko maçon, fundi wa kujenga. Tukaenda kupima nyumba moja ya zamani, ya matofali ya udongo ya kichuguu, kama inaweza kutengenezwa. Mama moja alikuwa analala mule na batoto batatu. Baba akaniambia nipakae plâtre, ile chokaa nyeupe ya ukuta, kidogo yulu ya ufa ya chumba ya batoto, tutarudia kisha juma moja.

Mimi nikapita kule siku moja mbele Baba arudie. Plâtre imekatika! Nikazania batasema sijue kazi. Nikapakaa ingine, laini kama uso ya bibi-arusi.

Baba akafika, akaangalia. "Mama, ukuta haitembee. Mulale tu."

Nikamwambia: "Baba, ile plâtre ni ya jana. Ya kwanza ilikatika."

"Weye mupumbafu! Tuliiweka juu ya kuona kama itakatika! Njo vile ukuta inatuambia kama inatembea!"

Ile saa ile batoto bakahamia ku salon, chumba ya wageni, na mikeka yabo, na siye tukaweka miti ya kushikilia ukuta. Nilizania atanifukuza. Akaniangalia, akacheka. "Maçon hauko. Lakini umesema kweli. Kesho ukuye ku kazi."

Toka pale, nikiona ufa, napenda kwanza kujua inaenda wapi.

Usalimie bantu bote ya kwenu,
Kambo Donat