Kitumbua cha Tatu

Kinondoni, Dar es Salaam
11 Novemba, 1956

Dada yangu Demetria,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mgongo wako umepoa? Mvua zimeshika huko Bukoba, au migomba bado inanyauka? Sie huku wazima, ila baba Revelian anakohoa, na mie silali vizuri. Sababu utaiona mbele. Barua hii usimpe shemeji Gregori akusomee. Vaa miwani yako, usome mwenyewe.

Kwanza habari za mwanao. Revelian yuko mwaka wa pili Makerere, na Kinondoni nzima hakuna mama mwingine mwenye mtoto huko; nimeulizia. Anasoma elimu ya uchumi, lakini si ule wa serikali: ni wa mtu mmoja mmoja, muuzaji na mnunuzi, kwa nini huyu anunue na yule aache. Alinichorea mistari miwili inayopishana, mmoja wa wanaonunua, mwingine wa wanaouza, akasema pale inapokutana ndipo bei ilipo. Nimeutundika mchoro huo ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria, na hakuna mgeni anayetoka bila kuonyeshwa. Muhsin, Mwarabu mwenye duka la mchele, aliutazama sana, akaniuliza kama kweli kijana analishwa miaka yote hiyo asome jambo ambalo marehemu babu yake alilijua kabla hajaota ndevu. Nikamwambia babu yako alijua kuuza, mwanangu anajua kwa nini. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na nilipokwenda dukani kwake akanitilia kiganja cha mchele juu ya kibaba, nyongeza.

Unajua nauza vitumbua asubuhi, barabarani wanapopita wafanyakazi wa bandari na reli. Tulikuwa wanawake saba. Aliyenifundisha kazi hii ni Mwanabaraka, jirani yangu Mzaramo, mjane. Nilipofika kutoka kwetu sikujua hata kuloweka mchele, nilijua ndizi tu. Alikaa nami jikoni wiki nzima, akinicheka kwamba vitumbua vyangu ni vya kusugulia miguu.

Mwezi wa sita mchele na mafuta vikapanda. Revelian akaandika kwamba kitabuni mwao, wauzaji wachache wakishikana wakawa kama muuzaji mmoja, bei inakuwa mkononi mwao. Nikawasomea wenzangu barua ile palepale barabarani, jina la chuo nikalirudia mara mbili. Tukakubaliana: badala ya vitumbua vitatu kwa senti kumi, viwe viwili. Wakanifanya mkubwa wao. Nunu, anayekaa karibu nami, alisema mama wa msomi naye ni msomi, na mie, dada, niliamini.

Wiki mbili mambo yakawa mazuri. Halafu wateja wakapungua, mabeseni yakawa yanarudi na vitumbua. La Mwanabaraka tu liliisha mapema, na langu. Langu hawakulitilia shaka. Mama Revelian angevunjaje maneno ya Revelian? Nunu akasema lazima kuna anayetoa vitatu kwa siri. Nikawasomea tena barua, pale mtoto anaposema kwamba mapatano ya namna hii mara nyingi huvunjwa na mmoja wao wenyewe. Macho yote yakamgeukia Mwanabaraka. Aliapa, akasema vyake vinaisha kwa sababu ni vitamu na kila mtu anajua. Nunu akamwuliza utamu gani huo ulioanza juzi. Kisha wakanitazama mie niamue.

Nikasema atupishe.

Alijitwika beseni lake, akaenda zake. Sasa kila alfajiri anakwenda kuuza Magomeni, kwa miguu, na goti lake lile bovu. Mlangoni kwangu hapiti tena.

Yote hayo nilimwandikia Revelian kwa majivuno, aone jinsi elimu yake inavyofanya kazi. Juzi nimepata jibu. Ameandika insha ndefu juu ya wanawake wa Kinondoni, mwalimu wake Mzungu ameisifu, na itasomwa mbele ya darasa muhula ujao. Mwanabaraka yumo, kwa jina lake, kuwa ndiye aliyevunja mapatano. Mama yule alimpa Revelian kitumbua cha bure kila siku akienda shule.

Dada, ni mie niliyevunja. Bei sikupunguza, senti kumi ilikuwa viwili kama tulivyopatana. Ila nilipofunga jani la mgomba, cha tatu nilikitia chini, nikamnong'oneza mteja kuwa ni nyongeza. Nilijiambia nyongeza si bei, hata Muhsin hutoa. Lakini Muhsin huitia juu ya kibaba, kila mtu akaona. Wala si kwamba tulikosa chakula. Nilitaka beseni langu liwe la kwanza kuisha, waseme mmemwona mama Revelian.

Nimejaribu kumwandikia Revelian mwenyewe mara tatu, nikachana karatasi. Desemba akija likizo atashuka melini Bukoba, alale kwako. Mpe barua hii aisome mbele yako. Mie kesho Jumatatu, kabla sijafunua beseni, nitawaambia wenzangu. Kisha nitakwenda Magomeni kumwomba Mwanabaraka arudi, nimbebee beseni lake kichwani mwangu. Huenda akakataa. Nitakwenda tena Jumanne.

Mwambie Revelian asiitupe insha ile. Mwalimu ameisifu, na mtoto yule hakukosea hata mstari mmoja; aliyekosea ni aliyempa habari. Afute jina la Mwanabaraka tu, na palepale aandike la mama yake, lote kamili, wasije wakadhani ni Benedicta mwingine.

Nisalimie Gregori na wote wanaonikumbuka hapo nyumbani. Niombee kesho asubuhi.

Ni mie mdogo wako,
Benedicta Kokushubira,
mama wa Revelian