Upanga wa Bibi Lorene

Euless, Texas
12 Juni 1999

Dada yangu mpendwa Prudensia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako Abigail. Miili yetu haijambo, isipokuwa mafua ya hivi viyoyozi: nje unaungua, ndani unatetemeka. Mawazo yetu yako huko Kamachumu. Mguu wako unaendeleaje? Na Baba anaona kiasi gani tangu apasuliwe jicho? Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani kama mtu anayesubiri askari. Abigail anapita tu, haniulizi kitu.

Habari kubwa ni ule upanga niliomsimulia Baba kwa simu. Unamkumbuka Bibi Lorene, yule mama wa Kizungu wa Haltom City ambaye Abigail alimhudumia mumewe miaka miwili, hadi mzee alipofariki Novemba? Mumewe alikuwa mwanamaji wakati wa vita, akarudi kutoka Japani na upanga mrefu. Aliuweka juu ya kabati na hakutaka mtu auguse. Mwezi uliopita mvua ya mawe ikatoboa paa la nyumba yao, na bibi akaamua kuuza upanga ili aezeke upya. Akamwambia Abigail kwamba angependa uende kwa watu waliomuuguza mumewe, si kwa mchuuzi. Akataja bei. Haikuwa bei ya kuonea mtu, ila ingemaliza akiba yangu yote pamoja na nauli ya kuja kwenu Krismasi.

Hata hivyo sikulala vizuri tena. Wewe unamjua Baba na uhunzi wake. Tangu padri amwonyeshe picha za wahunzi wa Japani kwenye gazeti, wimbo wake ni mmoja: kabla hajafa, ashike chuma cha mabwana wale. Nami miaka tisa sijamwona, nikaona nisije mikono mitupu.

Usidhani nilikurupuka. Kazi yangu hapa ni kukagua vyuma vya ndege, nikikataa kimekataliwa, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Nikaazima vitabu maktaba. Kumbe mhunzi wa Kijapani haandiki jina lake mahali pa kuonekana. Unasukuma kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, mpini unachomoka, na jina unalikuta kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayozama ndani. Nilipoliona nilipiga kelele hadi Abigail akaja mbio. Lakini vitabu vinaonya kwamba matapeli hawakuanza leo. Wengi walichonga majina ya mabwana wakubwa kwenye kazi za watu wadogo. Jina peke yake halitoshi. Bibi alikuwa ameniachia upanga wiki nzima ili niutafutie mtu wa kuukagua kabla sijanunua.

Jumamosi mbili zilizopita Kariuki, jirani yetu Mkenya anayeendesha malori, alinipeleka Houston kwa Mzee Morita, ambaye maisha yake yote ni kunoa na kukagua panga hizo. Mzee alinawa mikono, akauinamia upanga kama anayeamkia mtu mzima, kisha akauchomoa. Aliugeuza chini ya taa polepole, akatazama ule ukungu mweupe unaofuata makali kama wimbi. Akasema chuma kimekunjwa na mtu aliyejua kazi, na kwamba huenda kina miaka mia tatu. Dada, nilitamani kucheza ngoma mle sebuleni kwake.

Ndipo akavua mpini, akausogeza msuka karibu na taa. Halafu akauliza ni nani aliyesugua hapa. Alieleza kwamba kutu ya msuka haiguswi kamwe. Inakaa karne na karne ikigeuka nyeusi, inajaa ndani ya michoro ya jina, na ndiyo inayomwonyesha mkaguzi jina lilichongwa lini. Msuka huu ulikuwa unang'aa kama kijiko. Jina bado lilikuwepo, tena zuri, lakini yeye hangeweza tena kuapa kama ni la kweli au la kughushi. Thamani imeanguka zaidi ya nusu, alisema, na hakuna dawa. Akaelezwa kwamba ni marehemu mwenyewe aliyeusugua zamani, kwa kutojua. Akatikisa kichwa, akaufunga upanga.

Wakati wa kurudi Kariuki aliendesha na redio imezimwa hadi tuliposimama Corsicana kutia mafuta.

Bibi Lorene alipopata habari alisema niuchukue kwa bei yoyote ninayoona inafaa. Nikampa chini ya nusu. Paa lake bado limefunikwa turubai la buluu. Mimi nikabaki na upanga, na nauli ikabaki kabatini.

Sasa, dada, sikia kilichonichanisha karatasi. Marehemu hakuusugua upanga ule. Ni mimi.

Unakumbuka kwa Baba hakuna aliyethubutu kupeleka chuma chenye kutu mbele ya mhunzi mwingine. Alitusuguisha hata jembe bovu kabla ya kulipeleka kwa Mzee Elkana ng'ambo ya bonde. Alisema kufanya vinginevyo ni kuingia nyumbani kwa mtu na miguu ya tope. Basi Ijumaa ile, kesho yake nikiwa na safari ya kwenda kwa fundi mkubwa, nilikaa kibarazani na majivu ya jiko la nyama na brashi ya waya niliyoazima kwa Kariuki, nikasugua msuka saa nzima huku naimba. Ukurasa wa kutu katika vile vitabu nilikuja kuusoma baadaye. Mzee Morita aliponiuliza niliona aibu, mimi mkaguzi, na ulimi ukamkimbilia mtu asiyeweza kujitetea. Pale Corsicana Kariuki aliniuliza hivi: "Boss, huyo mzee alikufa November. Brush nilikupea jana Friday. Sasa nani ali-scrub?" Nikaenda kulipia mafuta. Bado ningeweza kunyamaza tu kwa bibi, lakini nilimpelekea uongo uleule, na nikafaidika nao.

Tangu siku hiyo, Abigail ananiambia, bibi hamtaji tena mumewe. Anasema miaka hamsini na mitatu alimkataza hata kupangusa vumbi, kumbe mwenyewe alikuwa akiusugua kwa siri. Nilivumilia siku chache, nikashindwa. Asubuhi hii nilimwambia Abigail yote. Hakunigombeza. Alikwenda kabatini, akatoa bahasha ya nauli, akaiweka mezani mbele yangu, akaenda kupika.

Kesho baada ya ibada nakwenda Haltom City. Nitamwambia bibi ukweli na kumkamilishia bei yake ya kwanza. Maana yake Krismasi siji. Baba ana miaka themanini na minne, najua ninachokisema, na kinaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Barua hii usimsomee. Nilipompigia simu, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama nimeusafisha upanga kabla ya kuupeleka kwa yule bwana. Nikasema ndiyo, nimeusugua hadi umeng'aa. Alicheka kwa furaha hadi akakohoa. Duniani ni mtu mmoja tu atakayeusifu msuka ule, na ndiye yeye. Kwa hiyo mwambie siji kwa sababu nilimsingizia marehemu uongo na sasa naulipia. Hilo alijue, na anikemee anavyotaka. Lakini kwamba kusugua kutu ndiko kulikouharibu, dada yangu, usimwambie. Mwache aamini kwamba mwanawe alikwenda mbele ya fundi mkubwa na chuma kisafi, kama alivyofundishwa.

Wabusu watoto, msalimie shemeji na majirani wote wanaoniulizia. Mtilie Baba dawa ya jicho mwenyewe, usiwaachie watoto. Nijibu upesi, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Rogers Kamugisha