Mtamba wa Dada Justa na Pikipiki ya Parsaoti

Kilole,
Korogwe.
16 Oktoba 1994

Mpendwa dada Justa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana si fupi. Hujambo wewe? Shemeji Raymond hajambo? Lile jicho lake lililokuwa likimsumbua limepoa? Na mwanetu Filemoni bado anarefuka tu, au sasa ameanza kunenepa kidogo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Bernadina ni mzima, na kitenge ulichomtumia amekivaa kanisani hadi wenzake wameanza kumkwepa. Mimi ni goti tu, hasa nikichuchumaa kando ya pikipiki za watu.

Vuli haijaanza, lakini mawingu yanajikusanya upande wa Usambara. Mji umebadilika tangu ulipoondoka. Tulivyokuwa tukivipangia foleni, leo vinapangwa barabarani na wauzaji ndio wanaotuita sisi. Mitumba imefika hadi mlangoni kwetu.

Nina jambo kuhusu mtamba wako, yule mwekundu uliyeniachia nimtunze mpaka Filemoni aoe. Ni mzima, usishtuke. Ila kabla sijalifikia inabidi nikueleze habari za Parsaoti, na nakuomba usiruke mistari.

Parsaoti unamkumbuka, yule mfugaji wa Mazingara ambaye baba yake alikuwa akichungia jirani na shamba la mkonge enzi za mzee wetu. Tangu biashara ya mifugo ilipoachiwa watu, amejipatia. Mradi mmoja wa wafadhili ulipofungwa kule Handeni, pikipiki zao ziliuzwa, naye akajipatia moja, ile ndefu yenye matairi ya meno, ambayo inakwenda lami na inakwenda porini. Akaileta moja kwa moja kwangu, kwa kuwa pikipiki za mradi ule nilikuwa nikizitengeneza mimi.

Aina ile nzuri sana, lakini ina maradhi yake, na mimi nayajua kama ninavyojua maradhi ya goti langu. Ndani ya injini kuna kimkono kidogo chenye springi, kazi yake kukaza mnyororo wa ndani. Springi ikichoka, mtu asiyejua analegeza boliti akidhani springi itavuta, kumbe anaulegeza mnyororo zaidi. Siku kimkono kikikatika, vipande vinaingia kwenye gia na hapo hakuna tena injini. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika nilikuwa nikifungua ubavu wa injini, nakitoa, nakiangalia mwangani kama kina ufa. Halafu kuna boliti mbili za juu zinazoshika fremu ya nyuma chini ya kiti. Mzigo ukizidi zinakatika, na Parsaoti hajui mzigo uliozidi ni upi: dawa za kuogeshea ng'ombe, mahindi, na Naisenya mkewe juu yake. Nilikuwa nazibadilisha kabla hazijakatika. Na lile vumbi la Mazingara linalokula mpira wa shokapu za mbele, nilizivalisha soksi za tyubu kuukuu nilizozikata na kuzishona kwa mkono wangu. Watu walicheka, lakini hazikuvuja tena.

Basi ndivyo tulivyozoeana, zaidi ya fundi na mteja. Mwaka ule wa ukame aliniletea mbuzi jike. Kwao ukimpa mtu mnyama, mnaacha kuitana majina yenu na mnaitana kwa ile zawadi. Waliopeana mbuzi wanaitana Pakine. Waliopeana ng'ombe wanaitana Pakiteng. Kwa hiyo mimi ni Pakine, naye kwangu ni Pakine. Akifika gereji analiita hilo jina tangu barabarani, na nakwambia ukweli, nilikuwa nalifurahia kuliko jina la ubatizo.

Mwaka huu masika yalikuja yakapita, Pakine hakutokea.

Siku moja nimekaa kibarazani, nikaisikia. Injini ile siwezi kuikosea. Ilitokea upande wa Handeni, ikapita Kilole, ikaenda zake na barabara ya Mombo. Hata kupunguza mwendo hakupunguza! Wiki iliyofuata ikapita tena. Bernadina akaniambia nimekuwa kama mke mkubwa aliyesikia kuna mke mdogo, nikamkaripia, nikatoka nje kusikiliza.

Kumbe kuna fundi mpya Mombo, anaitwa Gregori. Kijana wa mjini huyo, amerudi kutoka Dar na kabati zima la vipuri vipya, vingine bado vimo kwenye nailoni. Nikapanda basi kwenda kununua vitunguu. Bernadina akauliza vitunguu vya Korogwe vina kasoro gani.

Niliikuta pikipiki imesimama mbele ya gereji yake. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Dada, zile boliti mbili hazikuwepo. Ametoboa fremu upande mmoja hadi wa pili na kupitisha boliti moja ndefu, nene, ambayo haitakatika mpaka sisi sote tuwe tumezikwa. Jambo rahisi namna hiyo, na mimi miaka yote hiyo sikuliwaza. Kimkono cha ndani kipya, na springi mpya, aliniambia mwenyewe wala hakujivuna. Na soksi zangu za tyubu amezitoa. Sasa shokapu zimevaa mpira wa kiwandani wenye mikunjo. Zangu nilizikuta kwenye kopo la takataka pamoja na matambara ya oili.

Afadhali angekuwa mpumbavu. Angekuwa mwenye kiburi pia ningepata pa kushika. Lakini kijana akaniamkia, "Shikamoo fundi Mhina, nimesikia sifa zako," akanifutia kiti, akanifungulia soda. Niliinywa soda ile kama dawa.

Na Parsaoti alikuwepo, amekaa kwenye benchi, rubega begani. Akaniona, akafurahi kweli: "Pakine! Karibu!" Kisha akamgeukia kijana: "Pakiteng, msogezee mzee kiti."

Pakiteng, dada. Amempa ng'ombe! Mimi nimeishika pikipiki ile tangu siku ya kwanza, kwenye matope, bila vipuri, nikichonga springi za kuazima, nikaishia kwenye mbuzi. Huyu wa juzi ameingia moja kwa moja kwenye ng'ombe. Nina wivu. Neno lenyewe ni hilo, na sitafuti jingine. Niliporudi nyumbani sikula, na vitunguu nilivisahau kwenye basi.

Sasa tumefika kwa mtamba wako.

Nilijiambia kwamba kama jina ni ng'ombe, basi nami nitoe ng'ombe, tuone. Mimi fundi wa Kilole sina ng'ombe. Aliyekuwepo uani ni wako. Bernadina alisema nikuandikie kwanza. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukuandikia. Jumapili iliyopita, badala ya kwenda kanisani, nilimpakia kwenye lori hadi Mkata, kutoka hapo tukapanda tela la trekta la mtu, tukamalizia kwa miguu, mimi na yeye, hadi Mazingara.

Naisenya alinipokea kwa maziwa. Parsaoti akamzunguka yule mtamba, akampapasa mgongo, akamtazama pembe na kwato. Nikamwambia ni zawadi. Nikangoja aseme lile neno. Badala yake akaanza kuuliza. Kwa wafugaji, ng'ombe haingii zizini mpaka ukoo wake ujulikane.

"Mama yake yupi?"

"Yule mwekundu, pembe moja imepinda chini."

"Huyo namjua. Mzee wenu alimpa binti yake."

"Ndiyo."

"Justa."

"Ndiyo, Justa."

"Kwa hiyo huyu ni wa Justa."

Nikasema ni wetu, mimi na dada ni kitu kimoja. Akacheka, akanishika bega. "Pakine," akasema, "mbele ya ng'ombe hatudanganyi. Huyu ametoka kwa Justa, wewe umemleta." Akamtemea mate ya baraka usoni, akamsukuma zizini, akasema kwa sauti ili mkewe na majirani wasikie: "Mwandikie kwamba kuanzia leo mimi na yeye ni Pakiteng."

Nilijaribu kumfafanulia. Hakuna aliyenisikiliza. Naisenya alikwisha kuanza kuuliza huko kwako Musoma ni mbali kiasi gani.

Jioni alinirudisha kwa pikipiki hadi barabara kubwa. Nilikaa nyuma, juu ya ile boliti ya Gregori, nikaitegea injini sikio njia nzima nikitafuta mlio mbaya hata mmoja. Haukuwepo.

Najua utakasirika, na una haki. Ila usimpe Filemoni pole ya kupoteza ng'ombe, kwa sababu hajapoteza. Parsaoti amesema zawadi kwao hujibiwa, na mtamba wako wa badala atamchagua mwenyewe zizini, aliye bora kuliko huyo, na kumleta hapa Kilole mvua zikishika. Na atatunzwa na nani? Na mimi. Majani nikate mimi, maji nichote mimi, na jina uitwe wewe, uliyeko huko ziwani na ambaye hujawahi hata kuigusa spana.

Msalimie sana shemeji Raymond, na Filemoni mwambie mjomba wake anamtakia masomo mema. Mfikishie salamu shangazi Rosina ukimwona. Bernadina anakusalimu, na anacheka hadi sasa ninapoandika. Mungu akulinde, akupe afya, na nyumba yako isikose unga wala amani.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,

Mhina

Tena: Parsaoti alipita hapa asubuhi ya leo akielekea Mombo, na safari hii alisimama. Nilidhani amekuja kuniamkia. Alikuja kuuliza kama Pakiteng wake amejibu.