Nitumie Lile Gazeti la Kuomba Radhi

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumanne, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa binti wa marehemu kaka yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na wale mapacha ambao nasikia sasa wananizidi kimo. Na lile bega lako lililoteguka, je, limerudi? Sisi huku wazima. Mama yako mdogo magoti yanamsumbua. Mimi hayanisumbui. Meno ninayo kumi na tisa, na daktari alisema moyo wangu ni wa kijana. Sikumuuliza, alisema mwenyewe.

Mwandiko huu ni wangu. Mjukuu alitaka kuniandikia nikamfukuza. Ukiona neno limelala upande, lisome hivyo hivyo.

Sasa habari. Maktaba ya mjini imeanza kukusanya magazeti ya zamani. Wanayapiga picha kwa mashine, ukurasa kwa ukurasa, wanayaingiza kwenye kompyuta, na mtu yeyote popote alipo akiandika jina la babu yake anaoneshwa mahali lilipochapwa. Lile gazeti letu la kila wiki walilikosa kabisa. Ya ofisini yaliliwa na mchwa, yaliyobaki yakalowa mvua. Walizunguka mji mzima, mwisho wakaja kwangu.

Unajua nakala ya kwanza kutoka mtamboni ilikuwa haki ya mpangaji herufi kama mimi, anayepanga maneno herufi moja moja kabla ya kuchapwa. Inatoka na wino mwingi, haiuziki. Wenzangu walifungia sabuni. Mimi nilitunza zote, miaka kumi na moja, chini ya kitanda, na vumbi la tumbaku kati ya kila kumi ili wadudu wakome. Binti wa maktaba alipofungua furushi la kwanza alikaa sakafuni na sketi yake safi. Akasema mzee, umeuokoa mji. Nikamwambia najua.

Lakini chumba cha magazeti hayo wanakipa jina la Mhariri. Ndiyo, yule yule. Kibao cha shaba kimeshachongwa, uzinduzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na yeye ndiye atakata utepe.

Baba yako labda hakukusimulia yote, kwa hiyo nisikilize. Wiki ile alifariki mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa watu. Nikapanga habari ya kifo, nikaweka picha yake, nikatoa karatasi ya kusahihishia nikampelekea Mhariri. Akaikata picha kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Si huyu. Weka ya mwalimu mkuu," akatia sahihi. Nikamwambia bwana mkubwa, huyu unayemtaka nimepishana naye asubuhi kwenye baiskeli. Akanijibu, "Kazi yako herufi. Kufikiri niachie mimi."

Basi nikaweka. Gazeti likatoka na mwalimu mkuu mzima amekufa. Mama yake alianguka sokoni. Wanafunzi walirudishwa nyumbani wakilia, na yeye mwenyewe anawafuata nyuma na baiskeli yake akiwaita, nao wanazidi kukimbia.

Wiki iliyofuata Mhariri akachapa tangazo la kuomba radhi. Kosa, akasema, ni la mpangaji herufi, akanitaja kwa jina na ukoo, mtu asiyejua kusoma. Siku hiyo hiyo akanifukuza, na kiwanda cha uchapaji ni cha mjomba wake, ningemshtaki kwa nani? Sasa wewe una akili, niambie: uso wa mtu nao unasomwa? Hata mbuzi anamjua mwenye shamba.

Tangu hapo jina langu mjini likawa Mzika-Hai. Nikiingia kwa kinyozi, mtu anajishika mapigo ya moyo. Nikienda msibani wananiuliza kama safari hii nimehakikisha. Na wewe shuleni walikuimbia, usifikiri sikujua. Ulikuwa unarudi na macho mekundu unasema ni vumbi.

Ile karatasi yenye kalamu nyekundu niliikunja nikaitia mfukoni siku ile ile, na ninayo hadi leo. Nikampa binti wa maktaba sharti moja: magazeti chukueni yote, ila na hii ipigwe picha, ili kila atakayeandika jina la Mhariri aione. Akaisoma mara mbili. Akasema inaingia, maana nayo ni historia. Tena aliyetoa magazeti ana ruhusa ya kuchagua kurasa za kuoneshwa ukutani siku ya uzinduzi. Usiku huo nililala kama mtoto aliyeshiba.

Ijumaa akaja Mhariri mwenyewe. Amekonda, anakohoa, anatembelea fimbo. Sikumpa kiti, alikaa kwenye ndoo. Akanibembeleza niiondoe ile karatasi, akasema jina langu litawekwa kwenye kibao chini ya lake.

"Chini?" nikamuuliza.

"Basi pembeni, mzee mwenzangu. Sisi tumebakiza siku ngapi?"

"Za kwangu zinatosha kufika Jumamosi ile."

Hapo akabadilika. Akacheka, binti yangu, kicheko kile kile cha ofisini. Akasema, "Onesha hiyo karatasi yako. Watu wataona mhariri aliyekosea picha, na nani hajakosea? Kwamba nilikusingizia, utaonesha nini? Lile tangazo halipo popote duniani. Si ulilichoma mwenyewe?"

Na ni kweli. Baada ya kufukuzwa nililisaka tangazo lile mji mzima. La kinyozi nililiiba, la shule nililibadilisha kwa kuku, la ofisi ya mji nililichana kwenye jalada mlinzi akisinzia. Nilichoma yote nyuma ya choo. Lilibaki moja tu, la baba yako. Nilimfuata kulidai, akanikatalia mlangoni.

"Ukichoma tusi," akaniambia, "unamsaidia aliyetukana."

Sikusema naye miaka miwili kwa neno hilo. Sisemi alikuwa na haki. Nasema tu gazeti unalo wewe. Baada ya mazishi yake uliniandikia kwamba umelikuta kwenye sanduku lake la bati, chini ya vyeti vyako, ukaniuliza lina nini. Mimi nikakujibu habari za mvua.

Nakuomba unitumie. Si picha ya simu, nataka karatasi yenyewe, mashine iimeze. Liweke katikati ya makaratasi magumu, umpe mtu anayesafiri wiki hii, umwambie asilikalie.

Mama yako mdogo ananiambia nisamehe, mtu mwenyewe anakohoa. Nimemwambia akohoe tu, ila asife kabla ya Jumamosi.

Najua unachofikiri. Likishaingia kwenye kompyuta halitoki. Mapacha wako wataandika jina la ukoo wetu, na kitu cha kwanza watakachokuta ni babu yao asiyejua kusoma. Nimeliwaza hilo siku nne. Waache wakute. Kando yake watakuta kalamu nyekundu na sahihi, wahukumu wao. Nimelificha tusi langu hadi nimezeeka, na aliyenufaika ni yeye.

Jumamosi ile nitakaa kiti cha mbele. Taa zikizimwa kurasa zianze, sitaangalia ukuta. Nitamwangalia yeye.

Nisalimie mumeo, mapacha, na shangazi yako ukimpigia simu, mwambie deni la maneno aliyonisema nimelifuta, kwa kuwa ni ndugu. Mungu akutangulie kila uendako, akupe maisha marefu kuliko ya wabaya wako.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Baba yako mdogo,
Mpangaji herufi.