Kaka, Aliyefuta Ni Mimi

Kaka Elia,

Shikamoo. Najua marehemu haitikii, lakini sijawahi kusema na wewe bila kukuamkia, na leo ningeanzaje? Nyemo ameota meno mawili ya chini. Anang'ata kila kitu, mpaka ukingo wa meza yako. Mama anakula kidogo, anashukuru, anarudi kujilaza. Nimeyatanguliza hayo kwa sababu ndiyo mazuri. Yanayofuata ni mabaya, na ni ya kwangu.

Kazi yako ya miezi minne ya mwisho kwenye kompyuta haipo, kaka. Nimeifuta mimi.

Ngoja nieleze taratibu. Nikiharakisha nitalia, na nikilia Nyemo naye analia.

Tulikupeleka nyumbani Gulwe, tukakulaza karibu na bibi, pale treni inaposikika. Siku ya kuanua tanga baba mdogo akasema vitu vyako vigawiwe. Unajua kwetu, nguo ya marehemu hapewi mtu kabla haijafuliwa. Nilifua mashati yako yote kwa mikono yangu, hata lile lenye wino mfukoni. Koti akachukua baba mdogo, baiskeli akapewa binamu, na kompyuta wakasema apewe binti wa shangazi anayesoma chuo. Nikaitazama ile kompyuta. Nikajiuliza, sasa hii nayo inafuliwaje? Haiwezi kwenda kwa mtu ikiwa na jasho lako ndani.

Basi niliporudi mjini, Ipagala, nikambeba Nyemo mgongoni, kompyuta kwapani, nikaenda kwa fundi. Nikamwambia atoe kila kitu cha marehemu, kisibaki hata kimoja. Fundi hana kosa. Aliniuliza mara mbili: "Vyote, dada? Hata picha hutaki?" Nikasema picha ninazo kwenye simu, toa vyote. Nilitoka pale mwepesi, kaka. Nilijiona nimekutendea haki.

Wewe si ulikuwa unasema juu ya huo mfumo wenu wa kompyuta, "Hii si mali yangu, ni ya watu wote, hata nikifa leo wenzangu wataendelea"? Mimi nikaamini kila unachoandika kinawafikia wenzako papo hapo, kama sauti ya redio. Nani angeniambia kwamba kipande cha mwisho ulikuwa umekikalia? Salimu ndiye aliyeniambia. Yule mwalimu wa Kolo, wa kwanza kabisa kujitolea. Alipiga simu kutoa pole, akauliza hali ya Mama, akauliza ya mtoto, halafu akasema, "Mama Nyemo, ile sehemu ya kuhifadhi faili Elia alitaka aimalize kwanza ndipo atutumie. Alikuwa hapendi kutuma kitu nusu. Tutaipata kwenye mashine yake."

Nilikaa chini hapo hapo uani, kwenye vumbi. Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikazima simu.

Kwa siku tatu sikuiwasha. Nilipika mlenda ukaungua. Nilimnyonyesha Nyemo huku natazama ukuta. Nilikuwa nasema moyoni, watu wengine wanazika mara moja, mimi nimekuzika mara mbili, na ya pili nilikuwa peke yangu, na nilikuwa natabasamu.

Nakumbuka siku ulipolitoa lile tangazo. Ulinisomea kwenye simu nikiwa nachambua mchele: "Natafuta watu wa kujitolea. Malipo hakuna. Tutengeneze mfumo endeshi wetu wenyewe, wa bure, unaosema Kiswahili, uwashe kompyuta kuukuu ambazo shule zimezifungia stoo." Nikacheka mpaka mchele ukamwagika. "Bure? Nani atakuja?" Ukasema watakuja. Nikakuuliza huo mfumo endeshi ndio mdudu gani. Ukasema, "Dada, fikiria nyumba ina unga, ina kuni, ina sufuria, ila mama hayupo. Watoto si watalala njaa? Kompyuta bila mfumo ndiyo hiyo." Tangu siku hiyo nilielewa kuliko wasomi wako wote, na nilikuwa nakutambia hivyo.

Na ulivyokuwa unanikalisha mbele ya mashine! "Wewe uliishia kidato cha pili. Ukiweza kuandika barua humu bila kuniuliza, hata mtoto wa Kolo ataweza." Unakaa pembeni umejiziba mdomo. Mimi natafuta, nabonyeza, nakutukana. Nikikwama unaandika nilipokwama, wala hunisaidii. Nilikuwa nakuona mkatili. Leo natamani unikalishe pale nikwame mwaka mzima.

Siku ya nne niliwasha simu nikampigia Salimu, nikamweleza yote, kufua na fundi na yote. Salimu akasema "Innalillahi," kama mtu aliyepewa habari ya msiba mwingine. Kazi yako ya zamani wanayo, kaka, hiyo iko salama. Lakini bila hicho kipande mtu anaandika, anazima, akiwasha tena hakuna kitu. Kipande chenyewe hakuna anayejua ulikijengaje. Ni kuanza upya kabisa. Na chumba cha kompyuta pale shuleni kwake kilikuwa kinakungoja wewe.

Salimu aliwaambia wenzako kwamba kipande kimepotea, bila kusema kimepoteaje, na wawili wameshajitoa. Mmoja ameandika kwamba hana nguvu ya kujenga ukuta huo huo mara mbili. Sikumlaumu.

Salimu akasema tutoe tangazo jipya, tuwaombe waliobaki, tuombe na wageni. Akataka tuandike kwamba kompyuta iliharibika. "Nani atauliza, Mama Nyemo?" Ni huruma yake. Na sikufichi, nilitaka kukubali. Nilikubali kabisa, nikakata simu, nikaanza kuosha vyombo. Nikaosha kikombe kimoja, nikampigia tena. Watu hawa hawalipwi, kaka. Wanakuja kwa sababu ya kuaminiana tu. Nikianza nao kwa uongo, nitawaombaje waniamini?

Tangazo nimeliandika mwenyewe leo mchana, kwa kidole kimoja, Nyemo amelala miguuni kwangu. Nimesema mwanzilishi amefariki. Nimesema kilichopotea ni kipi. Nimesema aliyefuta ni dada yake, hajasoma sana, hakujua, na anaomba msamaha. Halafu nikaandika: tunaanza tena, malipo hakuna, karibuni. Chini nimeweka jina langu, lile la shule, kamili.

Hadi sasa hajajibu mtu.

Nakuacha upumzike, kaka yangu. Uniwie radhi, nilidhani nakufulia. Wakija kumi nitawapokea. Asipokuja mtu nitabaki na Salimu, na Salimu akichoka nitatoa tangazo jingine, na jingine, mpaka wanichoke. Nakuahidi hilo tu, mengine siyajui bado.

Mdogo wako,
Rehema